Taipureta, Vitufe na Heshima ya Ofisini

Husemwa mara kwa mara kwamba chombo kipya hukubaliwa ofisini kwa ubora wake. Historia ya taipureta yaonyesha kwamba hadhi ya mtumiaji nayo ina nguvu zake. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hati ya uvumbuzi wao huko Marekani mwaka wa 1868. Mwaka wa 1874 mashine ikaingia sokoni, imeundwa na kampuni ya E. Remington and Sons, mafundi wa bunduki na cherehani. Ilipambwa kwa maua, ikawekwa juu ya meza mithili ya ile ya cherehani, na kigari cha karatasi kilirudishwa kwa kukanyaga pedali. Umbo lake pekee lilikwisha kumtaja mtumiaji wake.

Ukarani hapo kabla ulikuwa kazi ya wanaume, tena ulikuwa ngazi: kijana aliyenakili barua aliweza kutumaini kuwa siku moja ataziamuru yeye. Mwaka wa 1881 chama cha YWCA cha New York kilianza kuwafundisha wanawake kupiga taipu. Kufikia 1900, zaidi ya robo tatu ya wapiga taipu na waandishi wa hatimkato nchini humo walikuwa wanawake, na kwao ngazi ile haikuwapo. Kiingereza cha siku hizo kiliita mashine na mwanamke aliyeitumia kwa jina moja. Kiswahili angalau kimetenga taipureta na mpiga taipu.

Maana hiyo ilidumu kuliko mashine yenyewe. Mwezi Novemba 1977, kampuni ya Xerox iliwaonyesha wakuu wake, huko Boca Raton, kompyuta ya Alto iliyobuniwa mwaka wa 1973. Waliokuwapo wamesimulia kwamba wakuu wengi walisimama kando, ilhali wake zao, ambao baadhi yao waliwahi kuwa makarani, waliketi wakajaribu vitufe na kipanya. Si haki kuwaita wakuu hao wajinga. Katika ofisi walizozijua, mwenye cheo alisema na mwingine akaandika. Kugusa vitufe kulikuwa kujishusha. Kompyuta ya Star, iliyotolewa mwaka wa 1981 kwa ajili ya watu wa daraja hilo hasa, haikununuliwa sana, ingawa bei kubwa na uzito wa mwendo wake vilichangia pia.

Wakuu walipokubali hatimaye kuketi mbele ya vitufe, kazi ile haikuitwa tena kupiga taipu.