Kabla Ujimalize na Kenya, Kumbuka 1968

Wiki jana kwa matatu kutoka Thika kwenda Ruiru, vijana wawili mbele yangu walikuwa wanafanya mazoezi ya Kijerumani. Mtihani uko karibu. Halafu mmoja akasema: "Kura ya 2027 pigeni nyinyi. Mimi nikipata pasipoti ya Ulaya, nimemalizana na hii nchi." Nusu ya gari ikamuunga mkono.

Mimi simlaumu. Kazi hakuna, na tangu Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zina mkataba wa wafanyakazi. Mtu aende atafute. Ni hiyo "nimemalizana" ndiyo imenikalia kichwani, kwa sababu Kenya hii hii imewahi kuwa na watu wenye pasipoti ya Ulaya mfukoni, na yaliyowapata tumeyasahau.

Hawa ni Wahindi, wale wa maduka ya zamani katika miji kama Thika. Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Mhindi aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja akawa pia alizaliwa hapa, alikuwa raia moja kwa moja. Waliobaki walipewa miaka 2 wajiandikishe. Wengi hawakujiandikisha, wakabaki na pasipoti ya Uingereza. Na hawakuwa wajinga. Nchi ni changa, kesho haijulikani, afadhali karatasi ya nchi kubwa. Si ndiyo hesabu tunayopiga leo?

Mwaka wa 1967 hesabu ikageuka. Kenya ilitunga sheria mbili: asiye raia lazima awe na kibali cha kazi, na leseni za biashara zikambana afanyie biashara maeneo fulani tu. Watu wakaanza kufunga maduka na kukimbilia London. Pasipoti si ni ya Uingereza?

Kumbe huko nako wanasiasa kama Enoch Powell walikuwa washaanza kupiga kelele kuhusu wageni. Serikali ya Harold Wilson ikapeleka mswada bungeni, ukapita kwa siku 3. Siku tatu tu, jamani. Tarehe 1 Machi 1968 ikawa sheria: huingii kama zamani mpaka wewe, mzazi wako, au babu ama nyanya yako awe na mizizi Uingereza kwenyewe. Wengine wapange foleni ya vibali 1,500 kwa mwaka. Kuna waliorushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, hakuna nchi inayowataka. Mwaka wa 1973, Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema ubaguzi huo wa rangi ulikuwa udhalilishaji. Lakini maduka yalikuwa yashafungwa kitambo.

Pasipoti zao hazikuwa feki. Shida ni kwamba zile siku 3, hakuna mbunge wa London aliyehitaji kura zao. Na Nairobi pia hawakuwa wapiga kura. Walikuwa na karatasi bila sauti, pande zote mbili.

Sisemi siasa ni ngao. Makhan Singh alidai uhuru hadharani Kaloleni mwaka wa 1950, akazuiliwa miaka 11. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, aliuawa Februari 1965, Kenya ikiwa huru. Sauti ina gharama. Lakini asiye nayo huamuliwa na wengine.

Na sheria bado zinabadilika. Juni 2024 Ujerumani ilifungua njia ya kupata uraia kwa miaka 3 kwa waliojitahidi sana. Oktoba 2025 ikaifuta. Aliyekuwa amepanga maisha yake kwa hiyo miaka 3 hakuulizwa.

Sisi tuna kitu ambacho wale wa 1963 hawakuwa nacho. Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake akichukua mwingine. Na mwaka wa 2022 Wakenya walioko Ujerumani na Uingereza walimpigia rais kura hukohuko.

Kwa hivyo soma Kijerumani, bana, na ukifika huko jiunge na chama cha wafanyakazi, na ukipata uraia piga kura yao pia. Lakini kabla ya ndege, pitia ofisi ya IEBC ujiandikishe. Nilishuka Ruiru kabla sijamwambia yule kijana haya yote.