Maombi ya ukaazi wa utafiti huanza kwa kikosi, si kwa fomu

WASOMI wengi huumezea mate ufadhili wa ukaazi wa utafiti, ila ni wachache wanaoujua undani wake. Aghalabu mwombaji huijaza fomu kana kwamba anaomba karo ya shahada ya uzamifu. Huorodhesha vyeti, machapisho na kiasi cha fedha anachohitaji, kisha akangoja jibu. Maombi ya namna hiyo hayafiki mbali pale nafasi inapokuwa ya watu kadhaa wa fani mbalimbali.

Ukaazi wa utafiti ni fursa anayopewa mtafiti, mwandishi au msanii kufanyia kazi katika taasisi fulani kwa muda maalumu, akiwa amepumzishwa majukumu yake ya kila siku kama vile kufundisha na kusahihisha mitihani. Ukiwa wa pamoja, nafasi hupewa kikosi wala si mtu mmoja. Na ukiwa wa taaluma mseto, kikosi hicho sharti kiwalete pamoja watu wa fani tofauti, mathalani daktari, mwanahistoria na mshairi, kulichunguza swali moja.

Mfano wa London

Mfano ulio bayana ni ukaazi uliojulikana kama Hub katika Wellcome Collection, jumba la makumbusho na maktaba lililoko barabara ya Euston, London. Jumba hilo ni la Wellcome, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa mfanyabiashara wa dawa Henry Wellcome. Wakenya hulifahamu jina hilo kupitia mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome, ulioanza Kilifi mwaka 1989.

Kila kikosi kilipewa takriban miaka miwili na ufadhili uliofikia pauni milioni 1. Cha kwanza, Hubbub, kiliingia mwaka 2014 kikiongozwa na Felicity Callard, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Durham. Kilichunguza jambo linaloonekana dogo, yaani pumziko, pamoja na kinyume chake: kelele, kazi na misukosuko. Ndani yake mlikuwamo wanasaikolojia, wataalamu wa ubongo, wanahistoria, washairi, wasanii na watangazaji.

Kwa ushirikiano na BBC, kikosi hicho kiliandaa uchunguzi ambapo watu zaidi ya 18,000 kutoka nchi 134 walieleza jinsi wanavyopumzika. Matokeo yalipotolewa mwaka 2016, kusoma kuliongoza orodha ya shughuli zinazopumzisha. Mwanasaikolojia angeweza kuyatunga maswali, na mtangazaji angeweza kuwafikia wasikilizaji, lakini kazi hiyo iliwahitaji wote wawili.

Mwaka 2016 kikaingia Created Out of Mind, kikosi kilichoongozwa na Sebastian Crutch wa University College London. Hicho kilishughulikia maradhi ya ubongo yanayowapata hasa wazee na kuwapokonya kumbukumbu. Mwaka 2018 zamu ikawa ya Heart n Soul, shirika la sanaa linaloshirikiana na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Ni vyema kuzingatia kwamba kikosi hicho cha tatu hakikutokana na chuo kikuu. Wateuzi walipima swali na uwezo wa kulijibu, si vyeo vya waombaji.

Swali kwanza

Hatua ya kwanza, basi, ni kutafuta swali ambalo fani moja haiwezi kulimaliza. Ukame, kwa mfano, una upande wa hali ya hewa, wa mifugo, wa sheria za ardhi na wa nyimbo za wafugaji. Iwapo mtaalamu wa hali ya hewa anaweza kulijibu swali lote peke yake, wateuzi watauliza wengine wameitwa kufanya nini.

Hatua ya pili ni kikosi chenyewe. Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vilivyokusanywa wiki ya mwisho kabla ya fomu kufungwa hujulikana upesi. Dalili zake ni kwamba kila aya huzungumza lugha ya fani yake, na sehemu ya msanii huwa ni kupamba ripoti iliyokwisha kuandikwa na wengine. Inafaa wanakikosi wawe wamewahi kufanya jambo pamoja, hata kama ni semina ya siku moja, na walitaje katika maombi.

Hapa ndipo mtafiti wa Kiafrika anapopaswa kuwa macho. Mshirika anayealikwa mwishoni ili jina la nchi yake lionekane kwenye fomu huishia kukusanya data itakayochambuliwa na kuchapishwa na wengine. Kabla ya kutia sahihi, na aulize nani atamiliki data, majina ya waandishi yatapangwaje, na nani anaidhinisha matumizi ya fedha. Majibu hayo yaandikwe katika mkataba, kwani ahadi za mdomo hazina mtetezi.

Bajeti na vibali

Bajeti iwalipe wote. Mhadhiri huwa na mshahara wake hata akiwa ukaazini, ilhali mshairi au mchoraji asiye na mwajiri hana. Fauka ya hayo, nauli, viza, makazi na malezi ya watoto vitajwe waziwazi, almuradi masharti ya mfadhili yanaruhusu.

Utafiti utakaofanyiwa Kenya huhitaji leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Unapowahusu binadamu, huhitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Hali kadhalika, mwajiri atoe barua ya kuthibitisha likizo. Shughuli hizi huchukua muda, na ratiba isiyozitaja huonyesha kuwa mwombaji hajaujua uwanja wake.

Kuandika maombi

Wateuzi hutoka fani tofauti, hivyo kila sentensi ieleweke na asiye mtaalamu. Njia mojawapo ya kuhakikisha hilo ni mwanasayansi kuandika sehemu ya msanii, na msanii aandike ya mwanasayansi, kisha wasahihishane. Asiyeweza kuieleza kazi ya mwenzake bado hajaielewa.

Maombi yaeleze pia mara ngapi kikosi kitakutana, mizozo itatatuliwaje, na kitakachofanywa iwapo jaribio la kwanza litafeli. Wafadhili wengi wa ukaazi hukubali kwamba matokeo hayawezi kutabiriwa yote, ila hawakubali kikosi kisichojua kitaanzia wapi.

Mwenye nia aanze karibu na nyumbani. Taasisi ya STIAS mjini Stellenbosch, Afrika Kusini, hupokea watafiti wa taaluma zote, na masharti yake hupatikana kwenye tovuti yake. Asome tangazo lote, ahakikishe iwapo linataka mtu binafsi au kikosi, kisha awaite wenzake mezani kabla ya kuifungua fomu.