Vilima vya Momela na Jina la Maji Mekundu

Msafiri atokaye Usa River kwenda kaskazini, akiisha kupita msitu wa Ngurdoto, hutokea katika nchi isiyofanana na ile aliyoiacha nyuma. Upande wa kusini wa Mlima Meru kuna migomba, kahawa na mifereji ya maji. Huku kaskazini-mashariki mvua ni haba, majani ni mafupi, na nchi imetapakaa vilima vidogo na majabali yaliyolala ovyo, kana kwamba yametupwa. Nchi hii ndiyo Momela.

Nasi twaweza kusema kwamba kweli yalitupwa. Kwa kawaida twadhani kilima huinuka kutoka chini. Lakini vilima vya Momela vilianguka kutoka juu. Wataalamu wa mawe wasema kwamba yapata miaka 8,000 au 9,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka, ukaporomoka pamoja na mawe, udongo na maji, ukaenea hata kuelekea Kilimanjaro. Atakaye ushahidi na asimame Momela, atazame magharibi: mlima, wenye kimo cha meta 4,566, umekuwa kama ungo uliovunjika ukingo upande mmoja. Ukuta uliobaki wasimama karibu meta 1,500 juu ya sakafu ya kasoko, na chini yake kimeota kilima cha majivu, kilicho kichanga kuliko mlima wenyewe. Mara ya mwisho Meru kutoa moto ilikuwa mwaka 1910.

Mabonde yaliyobaki kati ya vilima yalijaa maji, yakawa maziwa ya Momela. Hayana mto utokao, hivyo magadi huzidi ndani yake, na kila ziwa lina rangi yake. Katika maji ya nchi hii mna pia madini ya floridi, nayo ndiyo sababu ya meno ya kahawia tuyaonayo kwa watu wengi waliokulia kando ya Meru. Mwalimu asimlaumu mtoto kwamba hapigi mswaki.

Lakini mgeni asomaye mawe peke yake atadhani kwamba nchi hii ilikuwa tupu, na hilo si kweli. Ng'ambo ya vilima pana mahali paitwapo Ngare Nanyuki. Neno ni la Kimasai: *enkare* ni maji, *nanyokie* ni mekundu. Watu hawaupi mto jina kwa rangi ya maji yake ila wamenywesha ng'ombe pale. Baada ya Wamasai, Wameru nao walichunga na kulima huko, maana mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka mlima na kuwabana. Huko Momela kwenyewe Margarete Trappe na mumewe, Wadachi, walikuja mwaka 1907 wakafanya shamba.

Kisha Jaji Mark Wilson, katika taarifa yake juu ya ardhi za Arusha na Moshi, alishauri kwamba mashamba ya Wazungu yawe pamoja bila kuchanganyika na ya Waafrika. Kwa ajili hiyo, mnamo Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki. Nyumba zao zilichomwa, wakaambiwa waende King'ori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York akanena habari yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa wakati ule.

Hifadhi ilikuja baadaye: kasoko ya Ngurdoto mwaka 1960, kisha kasoko ya Meru mwaka 1967, ndipo yote ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kati ya miaka hiyo ilitoka sinema ya Kimarekani iliyopigwa Momela, *Hatari!*, ya mwaka 1962, iliyotwaa jina lake katika Kiswahili. Wageni wengi walilijua neno hilo kabla ya kulijua jina la Ngare Nanyuki, ambako siku hizi hulimwa nyanya kwa maji ya mto uleule.