Panya Nyumbani: Habari Zake na Namna ya Kumshinda

Leo twapenda kusema habari za panya, mwizi alalaye nyumbani mwa yule amwibiaye.

Panya wa darini si mwenyeji wa nchi hii. Asili yake ni Bara Hindi, naye alifika pwani yetu katika vyombo vya biashara. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, mji uliokuwako zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Panya wa shambani ndiye mwenyeji hasa. Jike huchukua mimba kwa majuma 3 tu, na aghalabu huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja.

Katika Rungwe ndizi hazimpi panya fungu kubwa, maana hukatwa mgombani siku ya kupikwa. Lakini mahindi, maharagwe na ulezi hapana budi kuwekwa kwa miezi mingi, na katika mvua zetu za Tukuyu huwekwa ndani, karibu na moto. Hapo ndipo panya ajapo. Mama akifungua mbegu zake siku ya kupanda akakuta makapi, njaa ya mwaka ujao imekwisha kuingia nyumbani.

Tena kuna hasara ipitayo njaa. Kiziba, karibu na Bukoba, ni nchi ya migomba kama yetu. Watu wa huko walijua tangu zamani kwamba panya wakifa ovyo nyumbani, maradhi ya kuua yanafuata. Basi walizihama nyumba zao. Mwaka 1898 Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alieleza kuwa maradhi hayo ni tauni. Mwaka uo huo, Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye achukuaye tauni kutoka kwa panya. Panya akifa, kiroboto humwacha, akamtafuta mtu. Wazee wa Kiziba hawakuwa na darubini, lakini macho yao yaliona kweli. Wala tauni si hadithi ya kale tu: Lushoto, tangu mwaka 1980, iliwaugua maelfu ya watu kwa miaka zaidi ya 20.

Basi tufanyeje? Wengi wetu huanza kwa kuua. Twatega mitego, twafuga paka, na kila usiku twapata panya mmoja au wawili. Lakini chakula kikiwa wazi, wengine huja kushika nafasi zao. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Sisi twaongeza: ghala likiwa wazi, panya hutawala hata paka akiwapo.

Kwanza, tumnyime chakula. Nafaka ikaushwe sana, itiwe katika debe au pipa lenye kifuniko, na makombo yafagiliwe kabla ya kulala. Pili, tumnyime njia. Tundu la kupitisha kalamu lamtosha panya mdogo. Lizibwe kwa bati au saruji. Ghala la nje lisimame juu ya nguzo za kiasi cha meta 1, kila nguzo ivikwe bati, na matawi ya karibu yakatwe. Mitego na ifuate baadaye. Sumu iwe ya mwisho, mbali na watoto na kuku.

Na mkiona panya wengi wamekufa bila kutegwa, msiwashike kwa mikono. Pelekeni habari zahanati siku ile ile. Viroboto wauawe kwanza, ndipo panya.