Ushahidi wa mtaalamu katika kesi za majeruhi wa ujenzi

AJALI inapotokea katika eneo la ujenzi, jambo la kwanza ni kuokoa watu, na hivyo ndivyo inavyopasa. Jambo la pili, mara nyingi kabla hata majeruhi hajatoka hospitalini, ni kusafisha eneo. Jukwaa lililovunjika hufumuliwa, mirunda huhamishiwa kwingine, na kifusi hupakiwa katika malori. Siku majeruhi anapoamua kwenda mahakamani, vitu ambavyo vingemtetea havipo tena.

Hasara hiyo humwangukia mdai, kwa kuwa katika shauri la madai anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Na katika mashauri ya ujenzi, uthibitisho huo kwa kawaida hupitia mdomoni mwa mtaalamu.

Mtaalamu ni nani mbele ya sheria?

Shahidi wa kawaida hueleza alichokiona au kukisikia mwenyewe. Saidia fundi anaweza kusema kwamba alisikia mlio, kisha akaona jukwaa likiinama. Akiendelea kusema kuwa liliinama kwa sababu halikufungwa ukutani inavyotakiwa, hapo ameingia katika maoni, na maoni ya shahidi wa kawaida kwa kanuni hayapokelewi.

Mtaalamu ndiye anayeruhusiwa kuvuka mpaka huo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, iliyotungwa mwaka 1967, inakubali maoni ya mtu mwenye elimu, ujuzi, uzoefu au mafunzo maalumu katika jambo la kisayansi au la kifundi. Yafaa kuzingatia kuwa sheria haikutaja shahada peke yake. Fundi aliyesimika majukwaa kwa miaka 20 anaweza kusikilizwa kuhusu namna majukwaa yanavyofungwa, ingawa uimara wa zege atauachia mhandisi.

Kanuni hiyo ina asili ya zamani. Mwaka 1782, katika shauri la Folkes na Chadd nchini Uingereza, kulikuwa na ubishi kuhusu sababu ya bandari ya Wells kujaa mchanga. Jaji Lord Mansfield aliamua kwamba maoni ya mhandisi John Smeaton yalistahili kupokelewa, kwa kuwa yalitolewa na mtu mwenye elimu juu ya mambo ya taaluma yake.

Nani anahitaji kuthibitisha nini?

Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa, njia ya kawaida nchini Tanzania ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Huko halazimiki kuonyesha kosa la mwajiri. Inatosha kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Mtaalamu mkuu hapo ni daktari, ambaye hupima kiwango cha ulemavu.

Hali ni tofauti kwa mpita njia aliyeangukiwa na tofali, jirani ambaye ukuta wake umebomolewa na uchimbaji wa msingi, au fundi aliyejiajiri. Hao wakitaka fidia kwa njia ya madai ya uzembe, hupaswa kuthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwalinda, kwamba aliukiuka, kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara, na ukubwa wa madhara yenyewe. Mhandisi au mtaalamu wa usalama kazini huzungumzia ukiukaji na chanzo; daktari huzungumzia majeraha. Shauri la aina hii hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Mtaalamu anafanya nini?

Tuchukue mfano wa sakafu ya ghorofa iliyoporomoka siku chache baada ya kumwagwa zege. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na uzito wa takriban kilo 2,400. Kwa hiyo sakafu yenye unene wa sentimita 15 hubeba kilo 360 katika kila mita moja ya mraba, kabla hata mtu hajaikanyaga. Hadi zege likomae, uzito huo wote hushikiliwa na mirunda.

Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likiwa na siku 28. Likiwa na siku saba huwa limefikia takriban theluthi mbili tu ya nguvu hiyo. Hivyo mtaalamu atatafuta shajara ya kazi, aone tarehe ya kumwaga na tarehe ya kuondoa mirunda. Ataomba matokeo ya maabara ya vipande vya zege vilivyochukuliwa siku ile. Visipokuwapo, anaweza kukata sampuli kutoka katika kifusi, mradi kifusi hicho kimehifadhiwa. Atapima pia unene wa nondo na kuulinganisha na michoro.

Jaji hafungwi na maoni

Mtaalamu hulipwa na upande uliomwita, lakini wajibu wake ni kwa mahakama. Mwaka 1953, katika shauri la Davie lililohusu milipuko ya kuchimba njia ya majitaka mjini Edinburgh, mahakama ya Scotland ilieleza kwamba kazi ya mtaalamu ni kumpa mwamuzi vigezo vya kisayansi ili aweze kufikia uamuzi wake mwenyewe. Mahakama za Afrika Mashariki nazo huchukua msimamo kwamba maoni ya mtaalamu hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote.

Kwa sababu hiyo, ripoti inayosema tu kwamba "jukwaa halikuwa salama" ni dhaifu. Ripoti nzuri hueleza kilichopimwa, kilipimwa lini, kwa kifaa gani, na hatua zilizomfikisha mtaalamu katika hitimisho. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, mhandisi aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza anapaswa kujiandaa kuieleza kwa lugha ambayo hata majeruhi ataifuata.

Siku za mwanzo ndizo zenye uzito

Jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013 na kuua watu 36, taifa zima lilishuhudia. Ajali nyingi hazina bahati ya kushuhudiwa hivyo. Aliyeumia, au ndugu zake, wapige picha za eneo kutoka pande zote, waandike majina ya walioshuhudia, wahifadhi kamba, kofia au kipande cha mbao kilichovunjika, na watunze fomu ya polisi namba tatu (PF3) pamoja na vyeti vya hospitali. Aidha, wakili anaweza kumwandikia mkandarasi mapema, akimtaka asiharibu mabaki na kumbukumbu za kazi.

Mtaalamu hodari aliyeitwa baada ya miaka miwili, bila picha wala sampuli, atalazimika kukisia, na wakili wa upande wa pili hatachelewa kuliambia jopo au jaji kwamba kisio si ushahidi. Mtaalamu wa kawaida aliyefika siku ya tatu na kukuta kifundo kilicholegea kikiwa bado mahali pake, ana jambo la kuieleza mahakama.