Ngumbaru Kando ya Ziwa: Elimu ya Watu Wazima Kutoka Longech hadi Kakuma

Longech ni rasi nyembamba ya mchanga inayoikinga Ghuba ya Ferguson, mkabala na Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kenya. Watu wake wengi huishi kwa uvuvi. Mtu mzima wa huko anayetaka kujua kusoma, au kupata cheti cha sekondari, hubeba mzigo wa historia ndefu, na historia hiyo huanzia kwenye sheria kabla ya kufika darasani.

Serikali ya kikoloni iliitenga Turkana. Sheria za mwaka 1926 na 1934 zilidhibiti safari za wageni katika wilaya za pembezoni, na asiye na kibali hakuingia. Mahali palipofungwa hivyo palifaa kuwaweka watu kizuizini: Jomo Kenyatta na wenzake waliwekwa Lokitaung, kisha Kenyatta akakaa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Wakati wamishonari walipokuwa wakijenga shule katika nyanda za juu, Turkana ilibaki nyuma. Kwa hiyo wengi waliokuwa watu wazima wakati wa uhuru hawakuwa wameacha shule. Shule haikuwa imewafikia.

Njaa ya 1960 na 1961 ndiyo iliyofungua mlango. Kambi za chakula zilianzishwa, wamishonari wakaruhusiwa kuingia, na wafugaji waliopoteza mifugo wakahimizwa kuvua samaki katika ghuba. Baadaye kikaja chama cha ushirika cha wavuvi. Uvuvi ulileta haja mpya. Samaki walipopimwa kwenye mizani na malipo kuandikwa daftarini, mvuvi asiyejua tarakimu alilazimika kumwamini karani. Haja ya kusoma, basi, ilitangulia darasa.

Darasa lilikuja polepole. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwishoni mwa 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba ujinga wa kutojua kusoma ungefutwa, na 1979 kampeni ya taifa ikaanza, ikiwa na idara yake na lengo la miaka mitano. Kotekote nchini watu waliyaita madarasa hayo ngumbaru: wazee kwa akina mama chini ya mti au katika chumba cha shule watoto wakisharudi nyumbani, wakifuatisha herufi ubaoni.

Katika Turkana kampeni hiyo haikufikia lengo, na wachunguzi wametoa sababu mbalimbali. Wapo wanaosema kwamba mfugaji huhama kufuata malisho, hivyo darasa la mahali pamoja halimfai. Wengine hutaja ukame na njaa ya 1979 hadi 1981, iliyoangukia miaka ile ile ya kampeni. Mwenye njaa hana nafasi ya kalamu. Wengine tena hulaumu malipo duni ya walimu wa muda. Sababu zote zina uzito, lakini Longech inaonyesha kwamba ile ya kwanza pekee haitoshi. Mvuvi hana malisho ya kufuata, hata hivyo naye alihamahama. Kiwanda cha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ghuba ikakauka katikati ya muongo huo. Kiwanda kikalala, wavuvi wakatawanyika. Kosa kubwa lilikuwa kudhani kwamba mwanafunzi angelifuata darasa, ilhali darasa ndilo lililopaswa kufuata riziki yake.

Hatua iliyofuata ilibadilisha lengo lenyewe. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulianza 1985, na ule wa kumaliza sekondari, KCSE, 1989, na tangu hapo kujua kusoma hakukutosha. Watu walitafuta cheti. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa, ikapokea vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan wakiwa wamepoteza miaka ya masomo. Mtu mwenye ndevu kukaa dawati moja na mtoto hakukuwa ajabu huko. Mwaka 2004 Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza Eldoret, na Wakenya wakaacha kumcheka mzee mwenye daftari.

Pengo, hata hivyo, lilikuwa pana. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba asilimia 82 ya wakazi wa Turkana hawakuwa na elimu rasmi, na ni asilimia 3 tu waliofikia sekondari au zaidi. Mafuta yalipogunduliwa 2012, na serikali ya kaunti kuanza kazi 2013, ajira zilikuja zikiuliza vyeti. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kikafunguliwa Lodwar, lakini mlango wake ni KCSE.

Leo njia ya mtu mzima ni kuwa mtahiniwa wa kibinafsi. Hujiandikisha katika kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani, na hufanya masomo yasiyopungua saba. Kwa mtu wa Longech, hiyo ni mashua hadi Kalokol, kisha barabara hadi Lodwar. Na akichagua kemia au biolojia, atahitaji maabara. Wakati nao unabana. KCPE ya kawaida ilimalizika 2023, na kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asisubiri tangazo. Aende ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo yake, achukue kitambulisho na cheti chochote alicho nacho, na aulize mambo matatu: darasa hukutana saa ngapi, mwalimu yupo mwaka mzima, na mtihani utafanyiwa wapi. Na wanaopanga elimu hiyo wapange saa za masomo kwa kufuata saa za nyavu.