Folda ya usakinishaji

Folda ya usakinishaji ni mahali programu inapowekwa ndani ya kompyuta. Kila mfumo endeshi una desturi yake: Windows huweka programu katika C:\Program Files, macOS katika /Applications, na Linux hufuata kanuni ya mpangilio wa mafaili iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, ambayo imetenga /opt kwa programu za ziada.

Tofauti hizo husumbua pale programu moja inapotumika kwenye mifumo mbalimbali. DHIS2, programu ya takwimu za afya, ni mfano mzuri. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na takwimu za vituo vya afya vya Kaunti ya Tana River, kuanzia Hola hadi Garsen, huingizwa humo kwa kivinjari.

Waundaji wa DHIS2 hawakulazimisha folda moja kwenye seva inakosakinishwa. Kigezo cha mazingira kiitwacho DHIS2_HOME ndicho kinachotaja folda kuu, iwe ya Windows au Linux. Kisipowekwa, programu hutafuta /opt/dhis2. Humo hukaa faili la dhis.conf, lenye anwani ya hifadhidata na nywila yake, hivyo ruhusa ya kulisoma hubanwa. Toleo jipya likija, faili la programu hubadilishwa bila kugusa mipangilio hiyo.